Hila na Hisani katika Kitabu cha Mitnick

Kitabu cha The Art of Deception, yaani Sanaa ya Udanganyifu, kilichotolewa mwaka 2002 na Kevin Mitnick pamoja na William Simon, kina ajabu moja miongoni mwa vitabu vya ulinzi wa kompyuta: kompyuta zenyewe hazionekani sana. Wanaoonekana ni watu wanaozungumza kwa simu. Mitnick aliijua kazi hiyo kwa vitendo. Alikamatwa mwaka 1995, akatoka gerezani mwaka 2000, na mwezi wa Machi mwaka huo huo aliwaeleza maseneta wa Marekani kwamba aghalabu hakuhitaji kuvunja mtambo wowote. Aliomba siri, akapewa.

Hoja hiyo ni ya kweli. Kufuli hata liwe imara namna gani, ufunguo wake hushikwa na mtu, na mtu ana haya, ana huruma, ana haraka, tena humcha mkubwa wake. Mitnick huzisoma tabia hizi kwa jicho kali, na mazungumzo yake yana uhai unaokosekana katika riwaya nyingi.

Kisa kilicho bora ni cha benki ya Security Pacific ya Los Angeles, mwaka 1978. Chumba cha kupelekea fedha kilikuwa na namba ya siri iliyobadilishwa kila siku. Makarani, ili wasitaabike kuihifadhi moyoni kila asubuhi, waliiandika katika kikaratasi wakakibandika mahali pa kuonekana. Stanley Rifkin, mtaalamu aliyekuwa na kazi ya mitambo humo, aliingia, akaisoma, akatoka. Kisha alipiga simu akijifanya ofisa wa idara ya nchi za nje, akaagiza dola milioni 10.2 zipelekwe. Karani akamwuliza namba nyingine ambayo hakuwa nayo. Rifkin hakubabaika, aliipata kwa kuidanganya idara nyingine, akapiga simu tena. Karani akaipokea, akamshukuru.

Mitnick anatupa neno moja la kejeli juu ya shukrani hiyo, akaendelea na safari yake. Hapo ndipo kitabu kinapopungukiwa. Karani yule hakuzembea: aliuliza alichoamriwa kuuliza, akajibiwa, akashukuru kama afanyavyo kila mtu mwenye adabu anaposaidiwa kumaliza kazi. Aliyeweka siri mpya kila siku bila kufikiri itakaa wapi katika kichwa cha binadamu ni mtu mwingine, naye haulizwi kitu.

Msomaji wa Kiswahili atazikumbuka hadithi za Abunuwasi, na kufanana kwake kunadanganya. Katika hadithi zile mdanganywa aghalabu ni mkubwa: sultani, au tajiri bahili, kicheko cha wasikilizaji ni kisasi cha wanyonge. Katika kitabu hiki hasara ni ya kampuni, lakini aibu ni ya mpokea simu. Kicheko kimebadili mahali pa kuangukia, na mwandishi hakulitambua hilo.

Pungufu hilo si dogo kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, ambako hila hiyo hiyo imeingia katika pesa za simu. Ujumbe usemao, "Ile pesa itume kwenye namba hii," haumtaji mtu wala deni. Hufaulu kwa sababu karibu kila nyumba ina pesa inayongojewa mahali: karo, kodi, mchango wa msiba. Anayeutii ni yule aliyeahidi kumsaidia mtu naye ana nia ya kutimiza. Asiyemsaidia yeyote hana cha kutuma. Kumwita huyo mjinga ni kusoma ujumbe bila kumsoma mtu.

Dawa ya Mitnick ni kanuni, nazo zimejaza sehemu ya mwisho ya kitabu hata kuchosha: thibitisha jina, rudisha simu, usitoe namba. Nyingi ni za busara. Lakini sehemu kubwa humwelekea aliye chini, na kila moja ya hizo humwongezea jambo la kukumbuka; na kikaratasi cha ukutani, tangu mwanzo, kilizaliwa na wingi wa mambo ya kukumbuka.

Rifkin anafuatwa hadi Uswisi kwenye almasi za Warusi, kisha anarudi nazo Marekani akiwa amezificha mkandani. Karani anaachwa palepale, simu mkononi, amekwisha kushukuru.