Uhakiki wa Vigezo vya Kupimia Mustakabali wa Madaktari wa Ubingwa Pacha

Mafunzo ya pamoja ya ubingwa wa magonjwa ya ndani na wa magonjwa ya watoto yalianzishwa nchini Marekani mwaka 1967. Daktari husoma kwa miaka 4, yaani miezi 24 kwa kila fani, ilhali anayezisomea moja baada ya nyingine huhitaji miaka 6. Akihitimu, hustahili kufanya mitihani ya bodi zote mbili. Ufupisho huo umezaa swali linalotawala tafiti za eneo hili: je, wahitimu huendelea kuwatibu watoto na watu wazima, au huuacha upande mmoja?

Swali ni halali. Kipimo chake ndicho chenye walakini. Kwa kawaida, dodoso humtaka mhitimu akadirie asilimia ya wagonjwa wake kwa umri, na anayeegemea upande mmoja huonekana amepoteza nusu ya mafunzo yake. Hapo umri wa mgonjwa umefanywa kuwa kipimo cha maarifa ya daktari. Mfano mzuri ni daktari anayewahudumia watu wazima waliozaliwa na kasoro za moyo. Kwenye dodoso hana mtoto hata mmoja. Hata hivyo, maradhi anayoyatibu yalianza tumboni mwa mama, upasuaji ulifanyika utotoni, na kila uamuzi anaoufanya unategemea fani anayodaiwa kuiacha.

Tena, uchaguzi huo si wa hiari tupu. Cheti cha kila bodi huhuishwa kivyake, kwa ada na masharti yake, na tiba ya watoto kwa jumla hulipa kidogo. Dodoso lisilouliza sababu huligeuza shinikizo la mfumo kuwa tabia ya mtu.

Suala hili linaigusa pia Tanzania, ambako fani hizo husomewa katika shahada za uzamili tofauti na ambako selimundu huathiri watoto wengi. Kadiri matibabu yanavyoboreka, watoto hao hufikia utu uzima na kuhamishiwa kwa daktari asiyewafahamu. Mafunzo pacha yakiigwa au kukataliwa kwa kutegemea asilimia hizo za Marekani, kijana huyo hatakuwa ameonekana popote katika hesabu. Utafiti wenye manufaa ungemfuatilia yeye: kama, miaka kadhaa baada ya kuondoka kliniki ya watoto, bado anahudhuria matibabu.