Fox QS3: Kona za Theluji Zimepata Dawa

Geuza kiswichi kimoja, glavu zikiwa bado mikononi, na pikipiki ya theluji inabadilika tabia hapo hapo! Hakuna spana, hakuna kupiga magoti kwenye barafu. Moja ni laini, mbili ni ya kati, tatu ni ngumu. Basi. Hizi ndizo shokomzoba za Fox QS3, na tangu nizijaribu sina habari nyingine ya kuwaambia watu.

Fox si wageni. Bob Fox alianza na shokomzoba ya hewa ya pikipiki za mashindano mwaka 1974, na kazi za kampuni aliyoianzisha zimewahi kufungwa kwenye baadhi ya pikipiki za theluji za Arctic Cat na Yamaha. Asubuhi njia imesawazishwa, weka moja ule raha. Mchana wenzako wameshaichimba matuta, weka tatu, na chombo hakigongi tena chini. Québec ya Kanada peke yake ina njia za namna hii zaidi ya kilomita 30,000, na hali ya njia hubadilika saa kwa saa. Kifaa hiki kimezaliwa kwa ajili ya siku kama hizo!

Lakini utamu wenyewe unakuja ukikiunganisha na marekebisho ya sehemu ya katikati ya chombo. Sikiliza vizuri, kwa maana hapa ndipo wengi wanapotea. Kiswichi kinaamua shokomzoba ibonyee kwa wepesi gani. Uzito unaoshuka kwenye ski hakiuamui. Ukiingia kona na pikipiki inakwenda moja kwa moja huku umekata usukani, ski hazina mzigo. Ni sawa na bodaboda iliyopakiwa magunia nyuma, gurudumu la mbele linaelea tu.

Wengi hukimbilia springi za mbele. Mimi nasema anza chini, ndani ya mkanda wa mpira unaosukuma chombo. Kuna springi ya katikati pale: ikikazwa sana hunyanyua pua na kuzipunguzia ski uzito. Ilegeze kidogo. Kisha, humo humo ndani, kuna ukanda mfupi unaozuia mkono wa mbele wa mfumo huo usishuke kupita kiasi. Ufupishe tundu moja tu, kaza bolti, angalia tena mvutano wa mkanda wa mpira, uende ukaijaribu. Tundu moja! Kona ile ile iliyokuwa ikikutupa nje, ski zinaingia na kushika njia. Ni raha isiyo na kifani.

Usiendelee kufupisha kwa tamaa. Ukizidisha, usukani unakuwa mzito, mabega yanauma, na mkanda unapoteza nguvu ya kushika theluji unapoondoka. Baadhi ya wanaoendesha kwenye theluji nene wao huurefusha, maana wanataka pua ipande juu.

Nyuma nako kuna neno. Springi za nyuma zikiwa laini kuliko uzito wako, chombo kinakaa kitako na ski zinabaki nyepesi hata ufanye nini mbele. Kaa juu yake na mizigo yako yote, uone kimedidimia kiasi gani, ndipo ukaze. Na kabla ya yote hayo, pindua ski utazame vyuma vigumu vya chini. Vikiwa vimelika, hakuna marekebisho yatakayokusaidia.

Hukumu yangu? QS3 ndiyo shokomzoba ninayoitaka kwenye chombo changu, na ningeilipia kabla ya kulipia injini kubwa zaidi. Kama pikipiki yako tayari inazo, na kumbe siku zote umeziacha kwenye mbili, tafadhali kesho weka tatu ukutane na matuta, halafu shika spana uupunguze ule ukanda tundu moja.