Daftari la Kahawa Lililoandikwa Upya

Msimu wa kahawa unapofunguliwa Mbozi, karani wa chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS) hakosi programu ya kuhifadhia mizani. Excel anayo, na za bure za stoo na mauzo zimejaa intaneti. Hata hivyo kijana mmoja wa hapa Mbozi Mission anaandika ya kwake, tangu mstari wa kwanza. Nimekaa naye jioni kadhaa akiwa kazini, na kila ninapotazama heshima yangu inaongezeka.

Kilichomsimamisha mwanzoni ni desimali. Ukiziambia lugha nyingi za programu zijumlishe 0.1 na 0.2, zitakurudishia 0.30000000000000004. Kompyuta huhesabu kwa mbilimbili, na katika hesabu hiyo moja ya kumi haiishi, kama vile theluthi isivyoisha katika hesabu yetu ya kumikumi. Excel hukata mkia huo kabla haujafika kwenye kioo, kwa hiyo karani hauoni. Kijana aliuona, akaamua desimali zisiingie kabisa: kilo 12.4 za mkulima zinahifadhiwa kama gramu 12,400, namba nzima, na nukta inarudi pale tu risiti inapochapwa.

Kisha umeme. Ukikatika wakati faili linaandikwa juu ya lile la zamani, la zamani limeshaharibika na jipya halijakamilika. Mizani ya siku nzima imepotea. Sasa programu yake huandika faili jipya pembeni, husubiri mpaka lithibitike kuwa limefika kwenye diski, ndipo hulipatia jina la lile la zamani. Katika Linux kubadili jina namna hiyo hufanyika kwa mkupuo: ama limebadilika, ama halijabadilika. Angetumia hifadhidata iliyo tayari kama SQLite tangu mwanzo angepata ulinzi wa aina hii bila jasho, ila asingejua kwamba kuna mtu aliyekaa akaufikiria. Hapo ndipo ninapoipendea kazi hii. Anayejenga upya hukutana, moja baada ya moja, na maamuzi ya waliomtangulia, na hulazimika kuamua mwenyewe.

Wanaosema anapoteza muda wana hoja. Mkulima anataka malipo yake, na programu iliyokwisha kupimwa na maelfu ya watu huwa na makosa machache kuliko ya mtu mmoja. Ofisi inayohitaji mfumo kesho ichukue uliopo. Lakini uliopo nao ulianza kwa mtu asiyeridhika na wa kabla yake.

Kenya kuna mfano mkubwa. Kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta mwaka 2001, kwa programu iliyojengwa juu ya Microsoft Access. Huduma za VVU za mpango wa AMPATH zilipopanuka, mfumo ule ukaelemewa. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich, madaktari waandishi wa programu kutoka Indiana, waliamua kuanza upya. Kazi yao ikaungana na ya wenzao wa shirika la Partners In Health, ukazaliwa mfumo wa OpenMRS. Uzuri wake umo ndani. Badala ya kila swali la daktari kupewa safu wima yake kwenye jedwali, kila jibu likawa mstari unaoelekeza kwenye kamusi ya dhana: uzito, homa, dawa. Swali jipya likija, linaongezwa kwenye kamusi na jedwali haliguswi.

Kijana wetu amefika hapohapo kwa njia yake. Kilichomfikisha ni makato: mkopo wa mbolea, ushuru, magunia, na kila msimu huzaa kato jingine. Alikuwa amelipatia kila kato safu wima yake, na kila nyongeza ilimlazimu kupasua programu nzima. Wiki hii amelivunja jedwali lile. Jipya lina safu wima nne: mkulima, tarehe, aina ya kato, kiasi.