Zama Zilizorukwa: Sanduku la Kura katika Riwaya za Adam Shafi

Uhakiki wa riwaya ya kihistoria ya Zanzibar umejengeka juu ya nguzo mbili. Ya kwanza ni mgomo wa wachukuzi wa bandarini wa mwaka 1948, uliopewa uhai katika Kuli (1979). Ya pili ni Mapinduzi ya 12 Januari 1964, yanayogeuza mkondo wa Kasri ya Mwinyi Fuad (1978). Miaka iliyo baina ya nguzo hizo wahakiki huivuka kwa sentensi moja: wanyonge walizinduka, wakajipanga, wakapindua. Makala haya yanauhoji mvuko huo. Tunadai kwamba riwaya hizi zinaacha pengo mahali palepale ambapo historia ya visiwa ilikuwa ngumu zaidi, na kwamba uhakiki wetu umelipokea pengo hilo kana kwamba ndilo historia yenyewe.

Kisheria Zanzibar haikuwa koloni. Tangu 1890 ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza, Sultani akiwa bado kitini, na Waingereza walipoanza kuachia madaraka waliachia kwa njia ya kura. Chaguzi nne zilifanyika katika miaka sita: Julai 1957, Januari 1961, Juni 1961 na Julai 1963. Ule wa Juni 1961 uliandamana na machafuko yaliyoua watu 68. Katika ule wa mwisho ASP ilipata takriban asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31, na muungano wa ZNP na ZPPP ukaunda serikali. Uhuru ulipatikana 10 Desemba 1963. Siku 33 baadaye serikali hiyo ikapinduliwa. Wazanzibari wenyewe waliipa miaka hiyo jina: zama za siasa. Majirani walisusiana madukani, kwenye mabasi, hata mazikoni. Wapo wenye mashamba waliowafukuza wakaazi wao kwa sababu ya chama walichokiunga mkono.

Kufukuzwa huko kungetosha kuwa riwaya nzima, na Kasri ya Mwinyi Fuad inasimama katika uwanja huohuo: shamba la bwana, watumishi na vibarua wake. Hata hivyo, chama na kura si kiini cha msuko. Mwandishi anauweka uzito wake kwa Kijakazi, mtumishi ambaye utiifu wake kwa Fuad hautikisiki hata pale dunia inapogeuka chini ya miguu yake. Huu ni usanii wa hali ya juu, na kwa maoni yetu hakuna mhusika mwingine wa Adam Shafi aliyechorwa kwa ujasiri kama yeye, kwani ni mnyonge anayeikataa riwaya inayomtetea. Lakini riwaya inamfafanua kwa neno moja tu, kutozinduka. Vuai ameamka, Kijakazi bado amelala, kilichobaki ni muda.

Ufafanuzi huo unafaa ndani ya kasri. Nje yake haufai. Huko Pemba, ambako mikarafuu ilimilikiwa na watu wengi zaidi kuliko Unguja, wakulima wadogo wengi walizipigia kura ZPPP na ZNP, na walikuwa macho. Walipima masilahi yao, ukoo wao, dini yao na hofu zao, kisha wakachagua. Wanawake nao walipiga kura kwa mara ya kwanza mwaka 1961. Mnyonge aliyechagua upande mwingine kwa akili timamu hana nafasi katika mgawanyo wa walioamka na waliolala, na msomaji anayeufuata mgawanyo huo atashindwa kueleza kwa nini damu ya Juni 1961 ilikuwa ya wanyonge kwa wanyonge.

Kuli inalikwepa tatizo hili kwa kuchagua tarehe. Mwaka 1948 ZNP (1955) na ASP (1957) zilikuwa hazijazaliwa, kwa hiyo Rashidi na wenzake wanaweza kusimama pamoja dhidi ya mwajiri na serikali. Hatudhani kwamba uteuzi huo ni wa bahati. Mgomo huipa riwaya umma wenye sauti moja, ilhali uchaguzi huupasua umma uleule katikati.

Mtu anaweza kutujibu kwamba riwaya za miaka ya 1970, zilizoandikwa chini ya chama kimoja na kuchapishwa katika hewa ya Azimio la Arusha, hazikuwa na uhuru wa kuifungua mada hiyo. Jibu hilo lina uzito, ila halitoshi kwa Vuta n'kuvute (1999), iliyotoka miaka minne baada ya Zanzibar kurejea katika uchaguzi wa vyama vingi. Hapo mwandishi anairudia miaka ya 1950, na anakaribia kuliko kwingine kote. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mume mzee, anaikimbia ndoa, anakataliwa na jamaa zake, na maisha yake yanaungana na ya Denge, mpigania uhuru anayesakwa na polisi. Mpaka wa kabila unavukwa ndani ya vyumba na barazani, bila hotuba, na katika kurasa hizo tunauona ule ujirani ambao zama za siasa zilikuja kuuvunja. Uvunjaji wenyewe hatuuoni. Denge anapambana na askari wa mkoloni. Mswahili anayempinga Denge kwa hoja, si kwa ujira wa serikali, hapewi sura. Koplo Matata anaweza kuchekwa na kuchukiwa kwa urahisi kwa sababu anamtumikia Mwingereza. Jirani wa mtaa wa pili mwenye kadi ya chama kingine asingechekwa kwa urahisi huo, na mwandishi angelazimika kumpa maneno ya kujibu.