Kiambishi -ish- na Swali la Kisababishi: Tahakiki ya Utafiti wa Tuungane

Makala haya yanahakiki utafiti mmoja wa sayansi ya siasa kwa jicho la isimu. Ni utafiti wa mradi wa Tuungane, uliofanywa mashariki mwa Kongo na Macartan Humphreys, Raul Sanchez de la Sierra na Peter van der Windt, na ambao ripoti yake ilitolewa mwaka 2012. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, ulifanyika kwetu, Kivu Kusini ikiwa mojawapo ya sehemu zake. Pili, jina la mradi ni neno la Kiswahili, na neno hilo linatusaidia kueleza kiini cha utafiti wenyewe.

Tuanze na jina. Katika tuungane, mzizi -ung- umeongezwa kiambishi cha kutendana -an-, na kitenzi kizima kimewekwa katika hali ya kuhimiza. Watendaji ni sisi. Hakuna wa nje anayetajwa. Lakini mfadhili anapotoa fedha, halengi kusema tu kwamba watu wameungana. Hulenga kusema kwamba mradi umewaunganisha. Kati ya -ungana na -unganisha pana kiambishi kimoja tu, -ish- ya kutendesha, na kiambishi hicho ndicho dai la kisababishi. Watu wakionekana wameungana baada ya mradi, je, tuna haki ya kukitumia? Hilo ndilo swali ambalo jaribio hufanywa ili kulijibu.

Mradi ulianza mwaka 2007, ukiendeshwa na mashirika ya International Rescue Committee na CARE kwa fedha za serikali ya Uingereza, katika Kivu Kusini, Maniema na Katanga ya wakati ule. Wanakijiji walichagua kamati, au komite kama tusemavyo huku, na kamati ilisimamia fedha za ujenzi. Ilitumainiwa kwamba kwa kufanya hivyo watazoea uongozi wa uwazi na kuaminiana. Sasa, lau watafiti wangalilinganisha tu vijiji vyenye mradi na visivyo nao, wasingalijua lolote la hakika. Huenda mradi ulikwenda penye barabara, au penye chifu hodari, na hodari huyo ndiye aliyewaunganisha watu. Kwa hiyo vijiji viligawanywa kwa kura zilizopigwa hadharani. Kura haijui barabara wala chifu. Makundi mawili yakigawanywa hivyo, na idadi ya vijiji ikiwa kubwa, yatafanana kwa wastani katika kila jambo isipokuwa mradi. Njia hii si ngeni katika taaluma ya siasa: Harold Gosnell alifanya jaribio huko Chicago mwaka 1924 kuona kama kuwahimiza raia huongeza idadi ya wapigao kura.

Hapa mwanaisimu ana neno. Kura huondoa upendeleo katika kugawa vijiji, lakini haiondoi utata wa maneno ya hojaji. Swali likiwa baya kwa wote, ubaya huo huziathiri pande zote mbili, na ulinganisho haupotei. Hatari halisi ni nyingine: mradi wenyewe hufundisha msamiati. Kijiji kilichohudhuria mikutano kwa miaka kadhaa hujifunza kusema uwazi, uwajibikaji, ushirikishwaji. Mdodosaji akija, kitajibu kwa maneno hayo. Huku Lusenda, ambako kambi ya wakimbizi wa Burundi ilifunguliwa mwaka 2015, wenyeji na wageni wameulizwa maswali mengi ya mashirika, na anayeishi hapa anajua kwamba swali la mradi hujibiwa kwa Kiswahili cha mradi. Tofauti itakayopimwa huenda ikawa ya lugha tu, si ya matendo.

Sifa kubwa ya utafiti huu ni kwamba haukutegemea maneno peke yake. Vijiji 560, vyenye Tuungane na visivyo nayo, vilipewa kila kimoja dola 1,000 kwa masharti machache, kisha watafiti wakafuatilia: nani aliamua, nani alinufaika, na fedha zilikwenda wapi. Fedha ni ngumu kuigiza kuliko neno. Matokeo yalikuwa kwamba haukupatikana ushahidi wa kuridhisha kuwa mradi ulibadili mwenendo wa uongozi vijijini.

Mfano mwingine wa mashariki mwa Kongo unathibitisha umuhimu wa kupima matendo. Katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2010, Elizabeth Levy Paluck alilinganisha wasikilizaji wa mchezo wa redio na wengine waliousikiliza pamoja na kipindi cha kuwahimiza wazungumze juu yake. Waliohimizwa walizungumza zaidi. Lakini walizungumza kwa uvumilivu mdogo zaidi, na walikuwa wazito zaidi kuwasaidia watu wasiowapenda. Pasipo kundi la kulinganishia, sote tungalihesabu wingi wa mazungumzo kuwa ushindi.

Hata hivyo tuna lawama mbili. Ya kwanza inahusu neno kura. Kwa Kiswahili, kupiga kura ni kuchagua umpendaye, na pia ni kuiachia bahati iamue. Katika Tuungane mambo hayo mawili yalikutana: vijiji vilipatikana kwa kura ya bahati, na kamati kwa kura ya uchaguzi. Kijiji kinachoambiwa kwamba kura haikukiangukia kina haki ya kuuliza ni nani aliyekinyima kura. Katika eneo kama Fizi, ambako makabila yamekwisha kumwagiana damu, utata huo si wa kuchezea. Mtafiti hana budi kuufafanua kabla ya kutia karatasi ndani ya kofia.

Lawama ya pili ni nzito zaidi, nayo inahusu ukanushi. Mradi haukuwaunganisha si sawa na uliwatenganisha. Wala si sawa na hawakuungana. Kilichokanushwa ni -ish-, si -an-. Inawezekana kabisa kwamba vijiji vya pande zote mbili vilijua tayari kugawana na kusimamiana, na kwamba mradi ulikuja kufundisha lililokwishajulikana. Inawezekana pia kwamba havikujua, na mradi haukutosha. Jaribio linatupa wastani wa tofauti. Halichagui kati ya maelezo hayo mawili. Basi afisa anayesoma kwamba athari haikuonekana, akahitimisha kuwa wanakijiji wa Kivu hawawezi kuungana, amekanusha kiambishi kisicho chake, na wanakijiji ndio watakaolipa kosa hilo.

Ripoti ya utafiti iliandikwa kwa Kiingereza, lugha isiyotofautisha hali hizi kwa viambishi, na isiyosomwa na wengi wa waliojibu maswali. Tunaonelea kwamba idara za Kiswahili zina kazi hapa: kuzipitia hojaji kabla ya kutumiwa, na kuyarudisha matokeo vijijini kwa lugha iliyotumiwa kuyakusanya. Kijiji kilichotoa majibu yake kina haki ya kujua ni kiambishi kipi kilichokanushwa.