Nodi Ikinyamaza, Anza na Mnara

Ripita ya redio ya ridhaa, yaani mtambo unaopokea sauti na kuirusha tena, ikiwa imeunganishwa na intaneti kisha ikanyamaza, mafundi wengi hukimbilia ruta. Wataizima na kuiwasha, watabadilisha laini ya data, watampigia simu mtoa huduma. Baadaye inagundulika kwamba maji yaliingia kwenye kiungo cha waya wa antena. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba nodi, yaani ripita pamoja na kompyuta na kiungo chake cha intaneti, hurudishwa hewani kwa mpangilio, kuanzia mnarani kwenda nje. Na nodi iliyojengwa vizuri ni ile ambayo ripita yake huendelea na kazi intaneti iwepo isiwepo.

Kaskazini Mashariki ya Kenya kazi ya kuunganisha redio na mtandao mwingine ilifanywa kabla ya intaneti. Katika miaka ya 1990, kambi za Dadaab, kaunti ya Garissa, zilitegemea taar, yaani redio za HF zilizowekwa katika vibanda vya biashara. Mtafiti Cindy Horst, ambaye kitabu chake kuhusu wakimbizi wa Dadaab kilitoka mwaka 2006, ameeleza jinsi zilivyobeba salamu na maagizo ya hawala kati ya kambi na Somalia. Palipokuwa na simu upande wa pili, mwendeshaji alikuwa daraja: anapokea hewani, anapitisha kwenye simu. Zile hazikuwa redio za ridhaa, lakini muundo wake una funzo. Laini ya simu ikikatika, redio na redio bado zinasikilizana.

Kwa nini ripita ya mji wa Wajir, ulio katika eneo hilo hilo, ihitaji kiungo cha intaneti? Jibu liko kwenye hesabu. Mawimbi ya VHF, yanayotumiwa na ripita hii, hayapindi sana kufuata mviringo wa dunia. Chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12, fanya hivyo kwa antena zote mbili, kisha ujumlishe upate umbali kwa kilomita. Antena iliyo juu ya mnara wa mita 40 na redio ya mkononi iliyo mita 2 kutoka ardhini zitaonana kwa takriban kilomita 32. Mji wa Wajir umekaa kwenye tambarare, hakuna kilima cha kuazima kimo. Duara la umbali huo ni kama kilomita za mraba 3,200 katika kaunti yenye zaidi ya 55,000. Miji ya Habaswein, Eldas na Buna inabaki nje.

Ukitaka kufika Garissa kwa redio tupu, umbali wa takriban kilomita 250 kwa mstari ulionyooka, minara miwili ya mita 40 huonana kwa kilomita 52 hivi. Utahitaji minara minne ya katikati, kila mmoja na betri zake, sola yake na mlinzi wake, katika eneo ambalo washambuliaji wamelipua minara ya mawasiliano mara nyingi. Intaneti inaondoa gharama hiyo yote. Tatizo ni kwamba data yenyewe mara nyingi hupita kwenye minara hiyo hiyo ya simu. Mradi wa barabara ya Isiolo, Wajir hadi Mandera, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2020, unajumuisha faiba, lakini hata faiba hukatwa na tingatinga.

Mifumo ya kuunganisha ripita inajulikana. IRLP ilianzishwa na David Cameron, mwenye ishara ya wito VE7LTD, nchini Kanada mwaka 1997. EchoLink ilitoka mwaka 2002, kazi ya Jonathan Taylor, K1RFD. AllStarLink iliasisiwa na Jim Dixon, WB6NIL, juu ya Asterisk, programu ya kuendeshea mitambo ya simu. Kwa hiyo kazi ya yule mwendeshaji wa taar sasa inafanywa na programu ya simu ndani ya kompyuta ndogo kama Raspberry Pi.

Urejeshaji wenyewe unaanza kwa kuchomoa intaneti. Bonyeza redio ya mkononi uone kama ripita inarudisha sauti yako. Ikiwa hairudishi, tatizo halina uhusiano wowote na mtandao. Pima nguvu inayotoka na inayorudi kwenye waya wa antena, kagua viungo, kisha pima volti ya betri wakati mtambo unatuma, kwa maana betri iliyochoka huonyesha volti nzuri ikiwa imepumzika.

Betri inastahili hesabu yake. Mtambo wa wati 25 hula takriban wati 75 unapotuma. Ripita ya wenyeji ikituma saa moja kwa siku, hiyo ni watisaa 75. Iunganishe na kituo cha dunia chenye watu wengi, itatuma hata saa nane: watisaa 600. Betri ya asidi ya 12V na 100Ah haifai kutumiwa zaidi ya nusu, nayo nusu hiyo ni watisaa 600 hizo hizo. Mtu wa Toronto akipiga soga mchana kutwa, betri ya Wajir ndiyo inayolipa. Nodi inayodaiwa kuharibika usiku huenda imeishiwa chaji tu. Dawa ni kiungo kinachofunguliwa kwa kuombwa na kujifunga chenyewe kikikaa kimya.

Hatua ya pili ni sauti kati ya redio na kompyuta. Kuna nyaya nne za kujali: sauti inayoingia, sauti inayotoka, alama kwamba mtu anaongea, na amri ya kutuma. Ile alama ikikwama, nodi hudhani mtu anaongea bila kukoma na hufunga mtandao mzima kwa mngurumo. Rekebisha kiwango cha sauti kwa kuunganisha na nodi ya majaribio ya EchoLink, namba 9999, inayokurudishia maneno yako jinsi yalivyofika.

Hatua ya tatu ni kompyuta. Umeme ukikatika ghafla, kadi ya kumbukumbu huharibika; weka nakala yake pembeni. Raspberry Pi nyingi hazina betri ya saa, hivyo zikizimika kwa muda mrefu huamka na tarehe ya zamani. Toleo la AllStarLink la mwaka 2024, ASL3, husajili nodi kwa njia ya wavuti iliyofungwa kwa vyeti, na cheti hukataliwa tarehe ikiwa si sahihi. Fundi anabadilisha nywila mara tatu, kumbe kosa ni la saa.

Mwisho ndipo intaneti. Dalili ya kawaida ni hii: nodi imesajiliwa, inaweza kuita nje, lakini hakuna anayeweza kuiita. Mitandao ya simu huwapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, na intaneti ya setilaiti ya Starlink, iliyoanza Kenya mwaka 2023, kwa kawaida hufanya vivyo hivyo. Anayekuita hufika kwa mtoa huduma na kuishia hapo. AllStarLink husubiri kwenye mlango wa UDP 4569, EchoLink kwenye 5198 na 5199. Kuifungua katika ruta yako hakusaidii ikiwa anwani si yako. Njia zinazofanya kazi ni mbili: handaki la VPN hadi seva yenye anwani ya umma, au nodi yenyewe iite kituo cha kati na kubaki imeunganishwa. Kwa EchoLink kuna seva za wakala, zinazotumia mlango mmoja wa TCP, 8100.

Yote haya yanahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, ishara ya wito inayoanza na 5Z4, na mtu anayeweza kuzima mtambo ukikosea.

Kipimo cha kazi iliyokamilika ni rahisi. Kabla fundi hajafunga kisanduku, achomoe tena waya wa intaneti. Ikiwa watu wawili mjini Wajir bado wanasikilizana kupitia ripita, na akichomeka waya kiungo kinarudi chenyewe bila kuguswa, kazi imeisha. Ikiwa ripita imekufa pamoja na intaneti, arudi kwenye mchoro, hata kama nodi inasikika Toronto.