Kulinganisha Vipande Vitatu

Faili ukishaipakua utakuta picha moja ndefu ya kijivu, na ndani yake mtu yuleyule mara tatu, mmoja juu ya mwenzake, kama stempu ambazo hazijachanwa. Ukitazama haraka utadhani picha imerudiwa tu. Tazama tena. Joho la mtu wa juu linang'aa, la wa kati limefifia, la wa chini ni la giza. Uso nao unakwenda kinyume: chini una nuru, juu umeiva weusi. Huyo ni Alim Khan, Emir wa Bukhara, aliyepigwa picha mwaka 1911 akiwa ameketi mbele ya mlango, upanga mkononi. Joho lake lilikuwa la buluu. Kwenye kioo kilichobeba picha hii hakuna rangi hata moja, lakini rangi zote zimo, zinangoja mtu wa kuzikutanisha.

Kijana akiniuliza wapi atajifunza kuediti picha na kutengeneza viini macho vya kwenye filamu, humpeleka kwanza kwenye vioo kama hiki. Huwa anashangaa, maana alitarajia nimtajie chaneli ya video. Video za mafunzo zipo tele, nyingi ni nzuri, na mimi mwenyewe nimejifunzia humo vitufe na njia za mkato. Ila picha ya kwenye video imechaguliwa na mwalimu ili somo lifanikiwe. Unafuata mkono wake hatua kwa hatua, matokeo yanatoka kama yake, na kesho ukiletewa picha ya harusi iliyopigwa saa saba mchana, bibi harusi kavaa nyeupe na ukuta nyuma yake ni mweupe, hujui pa kuanzia. Vioo hivi vya Prokudin-Gorskii havikutengenezwa ili kumrahisishia mtu yeyote somo.

Sergei Prokudin-Gorskii alikuwa mkemia na mpiga picha wa Urusi. Tsar Nicholas II alimpa behewa la treni lenye chumba cha giza ndani yake, akazunguka nalo dola lote akipiga picha za makanisa, mito, wakulima, reli na masoko. Kamera yake ilipiga mara tatu mfululizo kwenye kioo kimoja chenye urefu wa sentimita 24 hivi: mara ya kwanza kupitia kichujio cha buluu, kisha kijani, kisha chekundu. Watu waliziona picha zake kwa taa: miale mitatu ya rangi zilezile ikitupwa pamoja juu ya pazia. Aliondoka Urusi mwaka 1918 na kufariki Paris mwaka 1944. Miaka minne baadaye Maktaba ya Bunge la Marekani ikanunua vioo vyake kutoka kwa familia. Negativu 1,902 zimeskaniwa, na mtu yeyote mwenye bando anaweza kuzichukua bure, kwa ukubwa unaoonyesha hata nyufa za kioo.

Programu nayo haihitaji fedha. Ninatumia GIMP, iliyoanzishwa na wanafunzi wawili wa Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, katikati ya miaka ya 1990, na ambayo tangu hapo imekuwa ya wote. Unakata ile picha ndefu vipande vitatu na kuvipandanisha kama matabaka. Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza, na hapo ndipo ninapopenda kukaa.

Vipande havilingani. Kamera ilitikisika kidogo, kioo kilishuka kwa upande, gundi ya picha imejikunja pembeni kwa miaka mia moja. Ukikosea pikseli mbili tu, kila ukingo unaota uzi mwekundu upande huu na uzi wa samawati upande wa pili, na Emir anaonekana kama mtu aliyechapwa kwa mashine mbovu. Kwa hiyo unalitegemeza tabaka la kijani kama msingi, unaliweka jekundu juu yake kwa mtindo wa kutoa tofauti, ambapo kila panapofanana panageuka peusi, kisha unabonyeza mshale wa kibodi. Mara moja. Unatazama. Mara moja tena. Upande wa kushoto umeingia gizani, wa kulia bado una mng'ao. Basi tatizo si kusogea, ni kuzunguka. Unazungusha sehemu ndogo ya nyuzi moja. Saa inapita bila wewe kujua.

Na Emir ana mtego wake. Joho la buluu linang'aa kwenye kipande cha juu na kuwa la giza kwenye cha chini, hivyo ukijaribu kulilinganisha joho kwa joho hutafanikiwa kamwe. Mng'ao wake hautaondoka hata kila kitu kikiwa mahali pake. Katika somo moja la picha za kompyuta Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wanafunzi hupewa vioo hivi waandike programu ya kuvilinganisha yenyewe, na Emir ndiye anayewaangusha. Programu inayolinganisha mwanga na mwanga humpotosha. Inayotafuta kingo humpata. Binadamu naye ni hivyohivyo: acha joho, shika fremu ya mlango, shika ukingo wa kilemba.

Niliposoma habari za programu zile nilimkumbuka mzee mmoja wa Mombasa aliyekuwa na studio ndogo kabla ya kompyuta. Kazi yake kubwa ilikuwa kurekebisha negativu kwa penseli. Aliichonga risasi ya penseli ndefu kama sindano, akaiweka negativu juu ya kioo chenye taa chini, na kwa vidoti visivyoonekana akajaza makunyanzi. Mambo yote pale huenda kinyume: kunyanzi ambalo kwenye karatasi litakuwa jeusi, kwenye negativu ni jembamba na angavu, kwa hiyo ukilipaka risasi unazuia mwanga, na kwenye karatasi uso unalainika. Alikuwa na miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa. Kisha akaniambia, "Usitazame uso, mwanangu. Tazama sikio." Ilinichukua miaka kuelewa. Fundi mbaya hulainisha uso mpaka unakuwa wa sahani, akasahau kwamba sikio bado lina ngozi ya mtu.

Miaka baadaye nilimfungulia kompyuta mpakato yangu. Hakuwa amewahi kuhariri picha kwa mashine. Nilipompitisha kwenye safu ya vifaa vya Photoshop, kidole chake kilisimama kwenye alama mbili: kijiduara chenye kijiti, na mkono uliokunjwa. Akacheka kwa furaha. Alivijua vyote viwili. Kijiduara ni karatasi iliyofungwa kwenye waya, uliyokuwa ukiipitisha chini ya taa ya chumba cha giza ili kukinga sehemu isiive sana. Mkono ni mkono wako mwenyewe, uliokunjwa ukaacha tundu dogo, ili mwanga uunguze pale unapotaka pawe na giza zaidi. Ndugu wawili wa Marekani, Thomas na John Knoll, ndio walioiandika programu ile; ilitoka kwa umma mwaka 1990, na John wakati huo alikuwa akifanya kazi kwenye karakana ya viini macho vya filamu, Industrial Light & Magic. Nadhani ndiyo maana mashine yao ina kumbukumbu ya mikono. Nami humwambia kila anayeanza: kama kuna fundi wa zamani wa studio mtaani kwenu, nenda ukakae naye. Huko Lamu Omar Said Bakor, aliyejifundisha kazi hii mwenyewe, alikuwa akiunganisha picha na picha kabla ya programu yoyote kufika pwani, na kazi zake zinafundisha matabaka vizuri kuliko vitabu vingi.

Kwa filamu, somo linalofanana na vioo ni *Tears of Steel*, filamu fupi ambayo Blender Foundation waliitengeneza Amsterdam mwaka 2012. Filamu yenyewe ni ya dakika kumi na mbili hivi; hazina ni kwamba waliachia pia picha ghafi zilizopigwa na kamera pamoja na faili za kazi, kwa leseni inayokuruhusu kuzitumia ukitaja tu zilikotoka. Unaona waigizaji mbele ya kitambaa cha kijani, na unaona kijani kikirudi na kutua mashavuni mwao, jambo ambalo filamu iliyokamilika imelificha kabisa. Kulifuta bila kuufanya uso uwe wa maiti ni kazi ya siku nzima. Nywele ni kazi ya siku mbili.

Maktaba ya Bunge ilimpa mpiga picha Walter Frankhauser kazi ya kuviunganisha kwa mkono baadhi ya vioo vya Mrusi yule kwa ajili ya maonyesho ya 2001. Mwaka 2004 mtaalamu wa kompyuta, Blaise Agüera y Arcas, akatengeneza programu iliyoviunganisha vyote 1,902. Ningeweza kupakua tu picha zilizokwisha kuunganishwa. Lakini juma hili nimefungua kioo chenye mto. Kingo za mawe nimezilinganisha, miti imetulia, anga imetulia. Maji yamekataa. Kati ya buluu na kijani, na kati ya kijani na nyekundu, wimbi lilikuwa limeshasogea, kwa hiyo penye kila mkunjo wa maji pana vipande vya nyekundu, kijani na buluu vilivyotawanyika kama mafuta yaliyomwagika. Najua kuvifuta. Nimevuta brashi ya kunakili mara mbili, nikabonyeza kurudisha nyuma mara mbili, na sasa nimeyaacha maji kama yalivyopita mbele ya kamera.